Dar hadi Iringa kwa pikipiki ya spoti bila kuumia mikono

Tangu nianze kutoka na pikipiki yangu nje ya Dar, ushauri ninaopewa ni uleule: uza hiyo spoti, nunua pikipiki ya kukaa wima, mgongo utakushukuru. Sijaiuza. Ni Honda CBR600F4i, ya silinda nne, na safari ninayoipenda kuliko zote ni ya kwenda Iringa, karibu kilomita 500 kwa barabara ya Morogoro. Nafika jioni nikiwa bado na nguvu ya kuzunguka sokoni. Nayaandika haya kwa mwenye R6, Ninja au GSX-R inayolala uani Sinza au Tabata na kutolewa Jumapili tu, kwenda Bagamoyo na kurudi, kwa sababu mwenyewe ameaminishwa kwamba haifai kwa safari.

Kwenye spoti kinachochoka kwanza ni mikono, mgongo unafuata baadaye. Usukani uko chini, vya kukanyagia viko juu na nyuma, hivyo mwili unainama na kifua kinatafuta pa kuegemea. Kinaegemea viganja. Kutoka Ubungo hadi Kibaha asubuhi ya foleni, uzito wote uko kwenye vifundo vya mikono. Ukishapita Mlandizi na mshale ukafika 90 au 100, upepo unakisukuma kifua juu na mikono inapumzika. Shida ni kwamba barabara yetu haiuachi upepo ufanye kazi hiyo kwa muda mrefu. Kila kijiji ni 50, kila shule ina matuta, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo hajifichi mbali. Ilibidi nijue kujibeba mwenyewe.

Kujibeba kunaanzia magotini. Nabana tangi kwa mapaja, nakaza tumbo kidogo, naviacha viwiko vikunjike. Kipimo changu ni kuchezesha vidole juu ya mshikio kama mpiga kinanda wakati pikipiki inakwenda. Vikishindwa kucheza, najua nimeshaanza kuegemea. Tangi lenyewe linateleza, kwa hiyo nilibandika mipira ya kushikia pande zote mbili, pale goti linapokaa. Bila mipira ile paja linachoka mapema, na likichoka tu, mzigo unarudi mikononi.

Halafu leva za klachi na breki. Zilikuwa zimeelekea juu mno, kifundo kinapinda kila nikizigusa. Nilikaa kwenye siti, ndugu yangu akaishika pikipiki wima, nikafumba macho na kunyoosha vidole mbele. Vilipoishia vidole ndipo tulipozifungia leva, kiasi kwamba kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole pawe mstari mmoja. Hii ni kazi ya spana, haina gharama yoyote, na ganzi ya vidole niliyokuwa naipata nikikaribia Chalinze iliisha. Ningekuwa na uwezo wa kumwambia mwenye spoti jambo moja tu, ningemwambia hili.

Wengi wanakimbilia kuinua usukani. Mimi niliinua kidogo sana. Kabla ya kulipa fundi, pindua usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama nyaya na bomba la breki havivutiki, na kama mkono haubanwi na tangi. Ukiinua sana utahitaji bomba refu zaidi, na unapoteza ule msaada wa upepo.

Kwenye siti nilitumia pesa na sijutii hata shilingi. Nilimpelekea fundi mmoja Kariakoo anayeshona siti za pikipiki, nikamwomba aongeze sponji laini. Akaikalia mwenyewe kwanza, akapitisha kiganja kutoka nyuma kuja mbele, akatikisa kichwa.

"Dada, ulaini hautakusaidia. Hii inakusukuma mbele. Unateremka kwenye tangi, unajizuia kwa mikono, halafu unasema siti ngumu."

"Kwa hiyo?"

"Tunaisawazisha. Laini inakudanganya hapa dukani, ukifika Mikese umekalia plastiki."

Alibandua ngozi pini moja moja, akachonga sehemu ya nyuma kwa msumeno wa chuma, akajaza mbele kipande cha sponji zito, lile la magodoro ya bei ya juu. Akanikalisha, akachora kwa chaki mifupa ya makalio inapotua, akachonga tena. Juu akashona kitambaa kisichoteleza. Ukiitazama hutaona tofauti kubwa na siti ya kiwandani. Ila sasa nikifunga breki nabaki nilipo, na mikono haina kazi ya kunizuia.

Baada ya siti nilishughulikia shokapu. Pikipiki inapotoka kwa mwenye uzito mwingine, springi haikujui. Tulipima kwa futi ya fundi cherehani springi inazama kiasi gani: kwanza gurudumu likiwa limenyanyuliwa, kisha nikiwa nimekaa na nguo zote za safari. Kwa barabara za kawaida tofauti ya milimita 30 hadi 35 inatosha, mbele na nyuma. Nikifunga begi nakaza springi ya nyuma kidogo ili mkia usizame, na nikirudi mjini nalegeza. Kwenye matuta nasimama kidogo juu ya vikanyagio, miguu ndiyo inapokea pigo.

Mzigo haukai mgongoni kwangu hata siku moja. Begi la mgongoni linaning'inia mabegani, na mabega yanaupeleka uzito ule ule kwenye viganja. Nina begi laini la kufunga siti ya abiria kwa mikanda, na dogo la juu ya tangi kwa ajili ya maji, karatasi za pikipiki na vizibo vya masikio. Begi la tangi lina faida nyingine, nikichoka naliegemeza kifua. La nyuma lihakikishe haligusi ekzosi, maana ekzosi ya CBR hii iko upande wa kulia na inachoma nailoni bila kutoa moshi mwingi. Vizibo vya masikio navyo msivipuuze. Kelele ya upepo ndani ya helmeti inachosha akili, na mtu aliyechoka akili anakunja mabega bila kujua.

Natoka kabla jua halijachomoza, ili Kimara na Mbezi nizipite kukiwa wazi na injini isichemke kwenye foleni. Tangi ni lita 18. Kwa mwendo wangu lingenifikisha kilomita 300 hivi, lakini sisubiri. Najaza Morogoro, najaza tena mji wa Mikumi. Kusimama kwenyewe ndiyo dawa. Kila baada ya saa moja hivi nashuka, navua glovu, nachuchumaa na kuinuka hadi magoti yalegee, nakunywa maji. Mtu wa pikipiki ya kukaa wima anaweza kuunganisha saa mbili. Wa spoti asishindane naye.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inapita kama kilomita 50 na mwendo ni mdogo, kwa hiyo mikono inarudi kubeba. Napita mchana tu. Tembo wakiwa karibu na lami nangoja mbali, nyuma ya lori, hadi wavuke. Nikiwa nimesimama hivyo nakaa wima na kunyoosha mgongo.

Baada ya Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, unaanza mlima Kitonga. Kuupanda ni raha tupu, spoti iliumbwa kwa kona zile. Kuushuka wakati wa kurudi ndiko kunakopima kila kitu nilichoeleza. Mwili unataka kumwagika mbele. Naweka gia ya pili kabla sijaanza kushuka, injini inazuia, nabana tangi kwa nguvu, na breki naigusa kwa vipindi, siikalii. Malori ya Tunduma yanashuka polepole mno, kwenye kona kunaweza kuwa na dizeli iliyomwagika, na kuyapita pale ni kujitafutia kifo. Nakaa nyuma yao nikiwa nimeacha nafasi kubwa. Kabla ya siti na leva kurekebishwa, chini ya mlima nilikuwa nalazimika kusimama ili vidole vipate damu. Siku hizi naunganisha hadi Mikumi.

Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500, na jioni upepo wake si wa Dar. Kuanzia Ilula navaa koti la ndani, kwa sababu mkono wenye baridi unakaza mshikio hata ukiukataza.

Tairi nimeweka za safari, za aina ya Pilot Road. Zile laini za mashindano zinaisha katikati haraka kwenye lami iliyonyooka, na mvua ikikukuta Doma zinakutia wasiwasi. Upepo napima asubuhi tairi zikiwa baridi, psi 36 mbele na 42 nyuma. Hazina tyubu, kwa hiyo chini ya siti kuna vifaa vya kuzibia na pampu ndogo. Cheni naipaka mafuta jioni nikifika, ikiwa bado na joto, yaingie vizuri hadi asubuhi.

Kinachoniuma bado ni shingo, na hilo najaribu kulitatua kwa kioo cha mbele kirefu kidogo, kilichovimba katikati. Nikikipata nataka kuendelea mbele ya Iringa, nikunje Makambako, nipite Njombe hadi Songea. Nasikia zile kona za baada ya Njombe hazina mwisho. Aliyezipita na spoti aniambie matuta yako wapi, na kama tairi ya nyuma yenye nusu ya maisha inatosha kwenda na kurudi.