Siku yangu moja na vinyweleo vya pakanga

Saa 12 kasoro asubuhi. Umande bado umelala kwenye matuta ya artemisia nyuma ya maabara yetu, hapa Arusha. Wengi huiita pakanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo chukua tuta la tatu, limekolea harufu."

Mzee wetu wa shamba hajakosea hata mara moja. Harufu anayoifuata inatoka kwenye vinyweleo vilevile ninavyovichunguza.

Nachuma majani ya ncha, kisha makubwa ya chini ya shina hilohilo, na kila moja nalizamisha papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Wiki iliyopita nilichelewa dakika chache nikiandika lebo, na RNA (nakala zinazobeba maagizo ya jeni zinazofanya kazi) ya sampuli mbili ikaharibika. Siku hizi lebo naziandika usiku wa kuamkia.

Saa 2. Jani moja nimeliacha bichi kwa ajili ya hadubini. Nimelitazama jani la namna hii mamia ya mara na bado linanishika. Katikati ya nywele zenye umbo la T kuna vinyweleo vya tezi: seli 10 tu, zimepangwa mbili mbili, na juu yake kifuko kinachong'aa. Artemisinini hukaa humo, ndiyo chimbuko la dawa mseto ya malaria ambayo kila mzazi wa hapa anaijua. Ipo aina ya mmea huu isiyo na vinyweleo hivyo, na ilipopimwa haikuwa na artemisinini.

Saa 3 hadi saa 6 ni kutoa RNA majanini: kinu, mchi, barafu na glovu mpya kila mara, kwa sababu vimeng'enya vya mikononi mwetu huila RNA.

Saa 7. Mama lishe ananiwekea wali maharage na kuuliza, "Mdogo wangu, si tuchemshe tu hayo majani tunywe?" Swali hilo nalijibu kwa makini kila linapokuja. Artemisinini huyeyuka kwa shida kwenye maji, na kikombe hakisemi kina kiasi gani. Dozi pungufu huwaacha hai vimelea wa malaria. Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa mwaka 1971 alipoacha kuchemsha na kutumia etha kwenye joto la chini. Mama akanisikiliza hadi mwisho. Nilifurahi.

Saa 8. Napakia jeni tatu kwenye mashine ya PCR, inayozidisha nakala za jeni ili zihesabike: ADS, inayotengeneza kiunzi cha kwanza cha dawa, CYP71AV1, inayokiongezea oksijeni, na DBR2, inayoielekeza kazi upande wa artemisinini. Ya nne ni aktini, ya kulinganishia. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu, kwa hiyo jeni ikitangulia kujitokeza kwa mizunguko 6, nakala zake zilikuwa mara 64 zaidi tangu mwanzo.

Saa 11 jioni. Mistari ya nakala inapanda kwenye skrini ya mashine. Majani ya ncha yametangulia kwa jeni zote tatu. Ya chini yamechelewa sana. Hapa ndipo naomba wenzangu wasikimbilie hitimisho. Jeni kunyamaza hakuna maana kwamba ghala ni tupu. Jani likikomaa, kinyweleo huacha kuagiza kazi, lakini kilichokwisha kutengenezwa bado kimo kifukoni, na hatua ya mwisho kabisa hukamilishwa na mwanga, bila kimeng'enya. Anayepima RNA peke yake atamwambia mkulima achume ncha tu, na mkulima atatupa mavuno yake.

Mzee alikuwa anafunga lango nilipomweleza.

"Kwa hiyo haya ya chini tusiyatupe?"

"Tusiyatupe, mzee. Kesho nitayakausha nipime dawa yenyewe."

"Basi nitakuachia tuta la nne."

Saa 3 usiku, nyumbani. Nimekaa mezani na kalamu ya wino usiofutika. Tuta la nne, ncha. Tuta la nne, chini. Lebo 24, zimebaki 9.