Ventoux kutokea Sault
Wapenzi wa baiskeli, mkifika Provence, kusini mwa Ufaransa, jaribuni kupanda mlima Mont Ventoux kutokea mji mdogo wa Sault. Ni kama kilomita 26, ndefu kuliko njia maarufu ya kutokea kijiji cha Bédoin, ila mlima wenyewe ni wa taratibu na Julai hii mashamba ya lavenda yalikuwa yamechanua zambarau tupu. Ukifika Chalet Reynard, mgahawa ulioko mlimani, njia hizo mbili zinakutana, na utamu unaishia hapo! Juu yake ni mawe meupe, jua na upepo mkali mpaka kileleni, mita 1,910. Kabla ya kilele kuna mnara wa kumbukumbu wa Tom Simpson, mwendesha baiskeli Mwingereza aliyefariki mlimani humo mwaka 1967 akishindana Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli. Waendeshaji huacha hapo chupa zao za maji kwa kumkumbuka. Nami niliacha yangu. Kesho, inshallah, korongo la Nesque.