Ndege za jeshi kupita chini: hatari iko wapi hasa

Ndege ya jeshi ikipita chini juu ya kiwanja, watu hushangilia. Rubani aliyefunzwa vyema, wakati huo, anahesabu sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 720 kwa saa, ndege hukata mita 200 kila sekunde. Pua ikiinama nyuzi 5 tu, kimo hupungua mita 17 kwa sekunde. Aliye mita 30 juu ya ardhi hana hata sekunde mbili, na muda wa kulitambua kosa lenyewe umo humohumo.

Kona nayo huua. Ndege ikilala upande nyuzi 60 bila kushuka, mabawa hubeba uzito wake mara mbili, na mwendo wa chini kabisa wa kuibakisha hewani hupanda kwa asilimia 41. Kwenye nyuzi 75 mzigo hukaribia mara nne. Tarehe 24 Juni 1994, kambi ya Fairchild, Marekani, rubani Arthur Holland aliizungusha B-52, ndege kubwa ya mabomu, karibu na mnara wa kuongozea ndege, kimo cha mita 76 hivi. Mwendo ukapungua, ndege ikalala kupita nyuzi 90, ikaanguka. Wote wanne waliokuwamo wakafa. Holland alishavunja masharti mara kadhaa huko nyuma, wakubwa wakijua, naye akaachiwa aendelee kuruka. Ajali ile, kwangu mimi, ilianzia ofisini.

Kwetu visiwani kuna bahari. Baina ya kusi na kaskazi maji yakilala shwari, na ukungu ukafuta upeo, jicho hukosa cha kupimia. Mita 20 huweza kuonekana 60. Hapo hutegemewa kipimakimo cha redio, chombo kipimacho kimo kwa mawimbi ya redio, kengele yake ikitegwa chini kidogo ya kimo kilichopangwa. Lakini chombo hicho hutazama chini, si mbele: mlingoti wa jahazi au mnara wa simu hakiuoni, na ndege ikilala sana hudanganya.

Nyaya ni balaa jingine. Cavalese, Italia, 3 Februari 1998, ndege ya Marekani ilikata waya wa kigari cha abiria kinachoning'inia angani, kwenye kimo cha mita 110 hivi, wakafa watu 20.

Yeyote ndani ya ndege akisema "acha", rubani hajadili. Husawazisha mabawa kwanza, ndipo anyanyue pua na kuongeza nguvu ya injini. Akivuta usukani ndege ingali imelala, kona hukaza tu na mwendo huisha.