ConfigService isipofika

Mtwara, Jumapili jioni. Msimu wa korosho unakaribia na programu za ghalani zinafanyiwa matengenezo, kwa hiyo naandika kuhusu NestJS, mfumo wa kuundia programu za seva kwa TypeScript. Kwa kawaida mipangilio (nenosiri la hifadhidata na kadhalika) huletwa na ConfigService kupitia konstrakta ya klasi; unaipataje mahali ambapo konstrakta haifiki?

Kwenye main.ts, faili linaloanzisha programu, hakuna wa kukuletea. Programu ikishaundwa kwa NestFactory.create, ichote ConfigService mwenyewe kwa app.get. Kuiunda kwa new ni kujidanganya, maana hiyo siyo iliyosajiliwa na ConfigModule (moduli ya Nest ya mipangilio) na thamani ulizopakia kwa load, chaguo lake la kupokea fanksheni za mipangilio, hazimo.

Skripti ya kazi moja, tuseme kuingiza orodha ya wakulima wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) kabla ya mnada, haihitaji poti. NestFactory.createApplicationContext inajenga moduli zote bila seva ya HTTP. Ukimaliza ita app.close, la sivyo muunganisho wa hifadhidata unaweza kubaki wazi na skripti isikome.

Wakorofi hasa ni migresheni (mabadiliko ya muundo wa hifadhidata) za TypeORM, maktaba ya kuongea na hifadhidata. Amri yake husoma faili la DataSource (maelezo ya kuunganika na hifadhidata) moja kwa moja huku Nest imelala, kwa hiyo .env, faili la mipangilio, haijasomwa na mtu. Programu inaunganika vizuri, migresheni inagoma, na dereva ya PostgreSQL inalalamika kuwa nenosiri si maandishi. Weka import ya dotenv/config (maktaba ya kusoma .env) mstari wa kwanza kabisa. Ukiita config ya dotenv chini ya import nyingine umechelewa, kwa sababu import zote hutangulia.

Ugonjwa huohuo upo kwenye @Cron, dekoreta (alama ya juu ya kodi) ya kupangia kazi ratiba: dekoreta husomwa klasi inapopakiwa, mara nyingi kabla ya ConfigModule.forRoot. Ratiba inayotoka kwenye mipangilio isajili kwa SchedulerRegistry (daftari la Nest la kazi za ratiba) ndani ya onModuleInit, ambayo Nest huiita moduli ikishaandaliwa. (Na seva ikiwa kwenye UTC, kazi ya usiku wa manane itaamka saa tisa usiku wa huku.)

Kila kilichomo process.env, yaani mazingira ambamo programu inaendeshwa, ni maandishi. Neno "false" huhesabika kuwa kweli, na get<number> haibadilishi chochote, inamtuliza kompaila tu. Joi, maktaba ya kukagua data, ikigeuza aina, anayesoma process.env kwa mlango wa nyuma hapati faida hiyo. Kwangu mimi dawa ni fanksheni moja tu, inayosoma, kugeuza na kukagua, kisha load na DataSource zote ziite hiyohiyo.

Ukihariri .env na kisibadilike kitu, kagua mazingira ya seva: thamani iliyowekwa huko huishinda ya faili.