Anayesimama na Kusikia

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Juma hili la Majilio tunasoma Yohana 3:22–30, nami naomba tulifikie Neno kwa njia ya mzunguko kidogo, kupitia milima ya Kentucky, Marekani.

Mwaka 2002 Patty Loveless, binti wa mchimba makaa ya mawe aliyezaliwa Pikeville, Kentucky, alitoa albamu ya Krismasi iitwayo Bluegrass & White Snow. Niseme ukweli, albamu za Krismasi hunichosha. Nyingi zinaandaliwa ili ziuzwe Desemba, basi. Hii naisikiliza hadi Februari. Ni muziki wa bluegrass, uliopata jina kutokana na bendi ya Bill Monroe, Blue Grass Boys: banjo, mandolini, fidla, gitaa na lile besi kubwa la kusimama, kwa desturi bila ngoma. Humo mna Usiku Mtakatifu na nyimbo nyingine ambazo hata sisi tunazijua.

Kuna waimbaji walioalikwa, wakiwamo Dolly Parton na Emmylou Harris. Yeyote kati ya hao akitangazwa peke yake, ukumbi unajaa. Hapa wamekuja kuitikia.

Na kuitikia katika muziki huu si kazi ya kupumzikia. Mara nyingi mwitikiaji huimba juu ya kiongozi, kwa sauti inayopanda kuliko wimbo wenyewe, lakini aizuie isiufunike. Kiongozi akilikata neno, naye alikate papo hapo; akichelewa hata kidogo, masikio yote yanamgeukia yeye. Wapigaji nao hivyo hivyo. Mwenye mandolini akimaliza zamu yake mbele, anarudi nyuma na kugonga nyuzi alizozibana, chak, chak, ili fidla ipate pa kukanyaga. Ukipiga bila kumsikiliza mwenzako, umeharibu.

Sasa tuwaangalie wanafunzi wa Yohana Mbatizaji. Wamemjia mwalimu wao wakinung'unika kwamba Yesu, ambaye Yohana alimshuhudia ng'ambo ya Yordani, naye anabatiza, "na watu wote wanamwendea." Wamehesabu watu. Nadhani walitaka aone wivu kwa niaba yao. Yohana akawajibu kwa habari ya arusi: "rafiki yake bwana arusi, yeye anayesimama na kumsikia, aifurahia sana sauti yake bwana arusi. Basi hii furaha yangu imetimia." Tena: "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua."

Mstari huo wa mwisho tumezoea kuutaja kwa uso wa huzuni, kana kwamba Yohana anameza dawa chungu. Lakini umetanguliwa na furaha. Hajasema amekubali yaishe. Amesema furaha yake imetimia, na chanzo chake ni sauti ya mwingine. Kazi ya rafiki ni kusimama na kusikia. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Kupungua tunakuweza, hasa watu wakituona tunavyopungua! Kusikia ndiko hatuna muda nako. Kwaya alikwa inaimba, na sisi tumeinamia simu tukipanga nani ashike maikrofoni zamu yetu ikifika.

Halafu kuna siku sauti yenyewe haisikiki. Mathayo 11 inamkuta Yohana gerezani. Yule aliyefurahi kwa kusikia sasa anatuma watu wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Bwana hamkemei, wala hamwambii ajikaze. Anawatuma: "Nendeni mkamweleze Yohana mnayoyasikia na kuyaona." Yohana asiyeweza kufika anapelekewa habari, na wanafunzi wake ndio wa kuipeleka.

Tunao wapendwa ambao Krismasi hii hawatafika ibadani: wazee wasioweza tena kupanda ngazi za kanisa, walio wodini, walinzi walio lindoni, na wale waliotengwa na familia zao. Wanakwaya, baada ya ibada ya mkesha, gawaneni nyumba za kuwatembelea. Waimbieni, kisha kaeni nao kidogo, wao waongee.