Itaingia, Lakini Haitawaka

Jana mtoto wa dada alichomoa kipande cha ramu, kumbukumbu ya kompyuta, kwenye boksi langu la vifaa, akakikandamiza juu ya mazabodi ya zamani, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, kikagoma. "Mjomba, mbona haiingii na zinafanana?" Nikamwonyesha kale kapengo ka chini. Kwenye ramu za DDR3 kamekaa mahali pengine na kwenye za DDR4, kizazi kilichofuata, mahali pengine, makusudi, ili mtu asilazimishe. Akaelewa, akakimbilia katuni zake. Mimi nikabaki namuwaza kaka, na kifaa ambacho kingeingia bila shida yoyote, pale Kabwe, Mbeya, Juni 2018.

Kaka alikuwa na hela ya viazi vya Umalila na ndoto moja tu: kompyuta ya gemu aliyoiunga mwenyewe. Prosesa, ubongo wa kompyuta, alishaipata, Intel Core i5-8400, imeletwa na rafiki yake kutoka Dar, boksi halijafunguliwa. Ilikuwa na kore sita, yaani sehemu sita za kufanyia kazi kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja nyuma i5 za mezani zilikuwa na kore nne, kwa hiyo mnaweza kuelewa alivyokuwa akilala na lile boksi karibu na mto. Ilibaki mazabodi, na mazabodi ilikuwepo kwa dada mmoja, fundi mwenye duka la kompyuta, ya aina ya B250, bei nzuri, safi kabisa. Soketi yake, pale prosesa inapokaa, LGA1151. Prosesa nayo LGA1151. Kaka alikuwa amesoma namba zote mbili na zilikuwa sawa.

Mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa sita. Tuliingia dukani tumevaa masweta ya sufu, kaka ameshika hela mkononi tayari. Dada fundi alipoona boksi la prosesa alinyoosha mkono kulipokea, kisha akausitisha. "Vua kwanza hilo sweta, mdogo wangu. Hewa kavu hivi, sufu inatoa cheche za umeme, zitaiua prosesa. Halafu shika chuma." Kaka akavua, akashika keisi tupu iliyokuwa sakafuni, meno yanagongana. Hapo ndipo dada akafungua boksi.

Aliishika kwa pembe zake, akaigeuza chini ya taa. Tumbo la prosesa lilikuwa na vidoti bapa vya rangi ya dhahabu. Akavuta ile mazabodi ya B250, akainua kijiti cha soketi, akatuita tuiname. Pini 1151, nyembamba mno, zimelala kama nyasi baada ya upepo. Akaishusha prosesa karibu na soketi bila kuigusisha, akatuonyesha vipengo viwili vya pembeni na mahali pake. Vilikubaliana kabisa.

"Umeona? Itaingia," akasema. "Kijiti kitafunga. Lakini haitawaka."

Kaka akadhani anataniwa. Akasema namba ni zilezile. Dada akairudisha prosesa kwenye boksi lake, akashusha kijiti, ndipo akaeleza, taratibu, na naikumbuka sauti yake kwa sababu hakuipandisha hata kaka alipoipandisha ya kwake. Idadi ya pini ni ileile, alisema, kazi za baadhi ya pini ndizo zimebadilika. Kore zikiongezeka umeme unaotakiwa unaongezeka, kwa hiyo Intel wameongeza pini za kupitisha umeme, na bodi za mfululizo wa 200, kama hii B250, hazijui mpangilio huo. Prosesa ya kaka ni ya kizazi cha nane, na kizazi hicho kinataka mfululizo wa 300, kama B360. Akachukua karatasi ya daftari akaandika kwa kalamu nene: *B250 hapana. B360 ndiyo.*

"Unayo B360?"

"Sina."

"Basi niuzie hii, nitajua mwenyewe."

"Sikuuzii."

Alikataa hela taslimu, mchana ambao sikuona mteja mwingine akiingia. Kaka alisimama na noti zake, amekasirika, sweta begani. Dada akageuza ile karatasi akaanza kumpigia hesabu ya vilivyobaki, kana kwamba hawajagombana: prosesa wati 65, kadi ya picha GTX 1050 Ti wati 75, pawasaplai nzuri ya wati 450 inatosha na kubaki. Ramu asinunue kipande kimoja cha GB 8, achukue viwili vya GB 4 vifanye kazi kwa pamoja. Na kadi ya picha isimpe presha, kwa kuwa prosesa hiyo ina sehemu yake ya ndani ya kutoa picha, mashine itawaka bila kadi. Mwaka ule wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wamepandisha sana bei za kadi kwa kuzinunua kwa wingi, kwa hiyo neno hilo peke yake lilimwokolea kaka hela nyingi.

Mengine yalikwenda haraka. B360 ikaja kwa basi kutoka Dar, tukaunga mezani kwa mama, ikawaka, kaka akacheza mpira usiku kucha kwa picha za chini kabisa hadi kadi ilipopatikana.

Miaka yote nimesema yule dada alikuwa mwaminifu. Ni kweli, lakini siku hizi nahisi kulikuwa na zaidi. Namna alivyoirudisha ile prosesa kwenye boksi lake, nadhani hakuweza kuvumilia kuiona imefungwa mahali ambapo haitafanya kazi, iwe ya kaka au ya mtu yeyote. Sikumuuliza, na duka lile sasa linauza vitenge.

Mimi nami naulizwa siku hizi, na karatasi yake ninayo. Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Iyunga na prosesa ya kizazi cha tisa, anataka bodi ya B250 aliyoiona mahali kwa bei ya kutupa. Nikamweleza yote, pini, umeme, mfululizo wa 300. Akanishukuru kwa heshima, akaenda kuinunua. Ile bodi haikuwa yangu, nisingeweza kumnyima. Ninayo namba yake ya simu, na bado sijaamua kama nimpigie.