Mnadani kwa Simu: Kabla ya Kuweka Dau

Nilipohamia nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Tudor, Mombasa, nilikuwa na godoro, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6 na masanduku mawili ya vitabu. Takriban kila kilichoongezeka tangu siku hiyo, kuanzia friji hadi feni, nimekipata kwenye minada ya mtandaoni, na nimeshafanya makosa ya kutosha kuamini kwamba unafuu hupatikana kabla mnada haujafunguliwa, wala si katika zile dakika za mwisho ambapo watu hukodolea simu macho.

Minada yenyewe si ya aina moja. Ipo ya madalali wenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, ipo ya hoteli na ofisi zinazobadilisha samani, na zipo bidhaa zilizolala bandarini Kilindini bila kukombolewa, ambazo forodha huzinadi baada ya kutoa tangazo. Mimi hupenda zaidi vitu vya hoteli, kwa kuwa vitanda na meza zake zilichongwa zihimili wageni wengi. Vyombo vya mpangaji aliyeshindwa na kodi mimi sinunui, hata viwe rahisi namna gani. Sheria inaruhusu baadhi yavyo viuzwe, lakini moyo wangu haujanipa ruhusa ya kukalia kochi ambalo watoto wa mtu waliondolewa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kabati la nguo. Lilikuwa Mtwapa, picha zilipendeza, nami nikaona uvivu kuvuka daraja la Nyali siku ya ukaguzi. Nilishinda kwa shilingi 4,500, nikafurahi usiku kucha. Kulipopambazuka ikaja ada ya dalali ya shilingi 450, gari shilingi 3,000, na wachukuzi wawili waliolipandisha hadi ghorofa ya tatu kwa shilingi 800, jumla 8,750, ilhali seremala wa jirani angenichongea la mbao ngumu kwa 12,000. Lile langu halikuwa la mbao hata kidogo. Lilikuwa la unga wa mbao ulioshindiliwa, na mvua za masika zilipoingia, upande wa chini ulivimba kama mkate uliotiwa chai. Dalali sikuwa na la kumlaumu, maana tangazo lilisema wazi kwamba kila kitu kinauzwa kilivyo na mahali kilipo.

Tangu hapo siweki dau juu ya kitu ambacho sijakigusa. Kwa vyombo vya umeme huandamana na mjomba wangu, ambaye ni fundi wa friji. Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama kusifu mlango unaong'aa, akanivuta nyuma ya friji na kuniambia, "Mwanangu, sikiliza kompresa kwanza, rangi utaitazama baadaye." Huku kwetu hewa ya chumvi hula chuma kimyakimya, kwa hiyo hupapasa mabomba ya nyuma na kuchungulia chini ya mpira wa mlango, mahali ambapo kutu huanzia. Kisha husoma kibandiko cha umeme. Umeme wa Kenya ni volti 240, na chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani, cha volti 120, kitaungua ukikichomeka moja kwa moja. Bei ya transfoma inayoweza kubeba friji humeza unafuu wote.

Nikisharudi nyumbani huandika bei ya kitu kama hicho, kilichotumika, huko masokoni Kongowea au Mwembe Tayari, nikaondoa ada, gari, wachukuzi na matengenezo. Kinachobaki ndicho kikomo changu. Baadhi ya mitambo ya minada, kama ile ya eBay iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, hukuruhusu kuingiza kikomo hicho kwa siri, kisha yenyewe ikakupandishia dau hatua kwa hatua kadiri wengine wanavyopanda, na mshindi hulipa hatua moja tu zaidi ya aliyemfuata, au hata chini ya hapo. Mtaalamu wa uchumi William Vickrey alieleza mwaka 1961 kwamba katika mnada wa siri ambao mshindi hulipa bei ya aliyemfuata, hakuna faida ya kuficha thamani halisi unayoipa mali. Kwangu mimi maana yake ni usingizi: huingiza kiwango changu mara moja, nikaweka simu kando.

Neno la mwisho ni kuhusu mafungu yanayoandikwa "vyombo mchanganyiko" na kupigwa picha gizani. Wengi huyapita. Mimi huenda kuyafungua, na katika fungu moja la jikoni la hoteli nililolipia shilingi 1,200 nilikuta sufuria sita nzito, sinia mbili kubwa na mbuzi ya kukunia nazi. Sinia hizo ziko kwa mama Likoni, na pilau ya Idi iliyopita iliandaliwa humo.